Mikono Haina Masharubu

Kamera tunayo moja, wanafunzi watatu,
na stendi ya miguu mitatu, mmoja una plasta.
Hapa Kutaisi, juu kidogo ya mto Rioni,
nilizoea kuwaandikia ubaoni: fremu ni nini, fokasi ni nini,
mwanga wa nyuma hufanya nini.
Walikariri, wakapata alama,
wakasahau kabla ya chai.
Mwaka huu nikafunga daftari.
Nendeni kwa Otia mwokaji, nikasema,
mniletee dakika nne za mkate.

Siku ya kwanza mkate ulirudi buluu.
Buluu hasa, kama samaki aliyelala sokoni siku mbili.
Batcho akaapa kamera imelogwa.
Nilimsogezea kiti tu, akatazama tena.
"Uliionyesha nini, ukaiambia hiki ndicho cheupe?"
"Aproni yake."
"Wewe umewahi kuiona aproni ya Otia ikiwa nyeupe?"
Kesho yake wakaomba konzi ya unga,
wakaitandaza mbele ya lenzi,
na kamera, maskini, ikaijua rangi ya dunia.

Siku hiyo picha ilikuwa picha, ila bubu.
Nestani alikuwa na spika masikioni saa tatu nzima,
akisikiliza kwa makini
maikrofoni isiyorekodi.
Kusikia si kuhifadhi:
hilo halimo kitabuni mwangu,
nililiongeza pembeni, kwa penseli.

Wakamwomba Otia arudie.
Alikuwa ameinama nusu mwili ndani ya tanuri,
miguu inaning'inia, anabandika kinyunya ukutani kwa moto.
Akatoka mwekundu.
"Mkate hauna 'tena'. Njooni Jumatatu."

Jumatatu wakamkuta amenyoa.
Alhamisi, masharubu kama brashi ya viatu;
leo mdomo mtupu, umepauka.
Katika filamu yetu, basi,
aliyeingiza kinyunya ni mtu huyu
na aliyetoa mkate ni mtu yule.
Batcho alitaka tuanze upya.
Mimi pia, nakiri, nilishaanza kupekua kalenda.
Lamzira, ambaye muhula mzima hajainua mkono,
alivuta kiti hadi kwenye kompyuta, akakata uso,
akaweka vidole vikibonyeza unga,
kiwiko, moshi,
vidole tena,
akasema bila kugeuka:
"Mikono haina masharubu."

Miaka kumi na mmoja nafundisha mwendelezo wa picha.
Nimechora mishale, nimechora duara, nimepiga meza.
Maneno matatu sikuwahi kuyapata.

Lakini kati ya mkato na mkato sauti ilikuwa na mapengo,
kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.
Safari hii nikaenda nao.
Tunahitaji, nikamwambia Otia, sekunde thelathini za ukimya wa chumba chako.
"Ukimya wa nini?"
"Wa kuzibia matundu."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa hewa, kisha akafunga mlango.
Wateja wawili wakaganda, mmoja na sarafu kiganjani.
Nestani akainua kidole: inarekodi. Safari hii aliangalia taa mara mbili.
Friji ikanguruma. Moto ukapumua.
Chini kule, mto,
ambao napita juu yake kila asubuhi
na sikujua kama hufika mpaka humu.

Filamu tuliionyesha palepale, kwenye ukuta wa duka,
juu ya shuka la mke wake.
Otia aliiona mikono yake ikubwa kuliko mlango,
akaitia mifukoni.
Hakusifu, hakulaumu. Aliuliza moja tu:
"Huyo anayekohoa dakika ya tatu ni nani?"

Wakanigeukia wote watatu.
"Tulikukata, mwalimu," Nestani akasema,
"ila ukimya ukaonyesha mshono.
Tukakurudisha."